Wajane waliozunguka nyumba kwa nyumba

Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, aya ya 13, unawalaumu wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba, wakichongea na kudadisi ya watu. Aya hiyo huhubiriwa sana kwa akina mama kama onyo dhidi ya umbea. Mimi kazi yangu ni kusoma maandiko ya Wakristo wa mwanzo, na hapo naona mvutano wa madaraka ambao tumeusikia kutoka upande mmoja tu.

Tuanze na hizo nyumba. Wakristo wale walikusanyika majumbani mwa watu, kwa hiyo aliyezunguka nyumba kwa nyumba alikuwa anazunguka ndani ya kanisa lenyewe. Waraka huohuo unataja orodha ya wajane: asiandikwe aliye chini ya miaka 60, na awe mtu aliyekaribisha wageni, akawaosha watakatifu miguu, akawasaidia walioteseka. Mwanamke wa namna hiyo anajua nani anaumwa, nani hana chakula, mhubiri gani mgeni amefikia kwa nani. Pengine anajua mengi kuliko askofu.

Sasa mtazame Paulo. Akiandikia Korintho kutoka Efeso, anasema wazi kwamba habari za magomvi yao ameletewa na watu wa nyumba ya Kloe. Katika sura ya 5 ya waraka huo kwa Wakorintho anazungumzia mtu anayeishi na mke wa baba yake, jambo alilolisikia tu, na anatoa hukumu akiwa mbali. Hakuna anayeitwa mbea hapo! Maneno ya watu yakimfikia kiongozi, yalipokewa kama taarifa. Yakibaki kwa wajane, yakawa uchongezi. Na si kwamba wanaume wa zama zile walikuwa kimya: Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeandika karibu na mwaka 100, aliwasema vinyozi kwa domo lao.

Hofu ya viongozi naielewa. Aya ya 14 inataka wajane vijana waolewe, wazae, watunze nyumba, ili adui asipate neno la kulaumu. Adui huyo alikuwepo kweli. Karibu mwaka 178 Celsus, mwanafalsafa aliyeupinga Ukristo, aliwadhihaki Wakristo kwamba imani yao inaenezwa na wafuma sufu, washona viatu na wafua nguo, wanaonong'ona majumbani na watoto na wanawake. Lakini aya chache mbele, shtaka juu ya mzee wa kanisa halipokelewi bila mashahidi wawili au watatu. Mzee akawekewa kinga. Wajane wakahukumiwa kwa jumla, bila shahidi hata mmoja, na hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Wala hawakuwa wachache. Karibu mwaka 251 askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa na makasisi 46, nalo likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500.

Katika karne hiyohiyo ya tatu, Didaskalia, kitabu cha kanuni kilichotungwa Siria, kinarudia lawama ileile ya wajane wazururaji, kisha kinaongeza agizo: mjane akiulizwa juu ya mafundisho ya imani, asijitie kufundisha, amwelekeze muulizaji kwa viongozi. Kumbe waumini walikuwa wakienda kuwauliza wajane, tena maswali mazito, ya Kristo kuutwaa mwili na ya mateso yake.