Mizunguko 90 si amri

Wapenda baiskeli wana namba moja wanayorithishana: kanyaga mara 90 kwa dakika. Kijana akionekana anakanyaga 80 kwenye mazoezi makali ya vipindi (kukaza dakika chache, kupumzika, kisha kukaza tena), anakemewa kwamba hajui kuendesha. Inaniuma, maana wengi huacha mwendo unaowafaa kwa ajili ya namba hiyo.

Wanaosema hivyo hudhani nguvu ni kasi ya miguu peke yake. La. Nguvu ni msukumo ukizidishwa kwa kasi. Chukua wati 250, na mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 170. Ukikanyaga 60 kwa dakika, unasukuma wastani wa kilo 24 hivi. Ukikanyaga 100, kilo 14 tu. Wati ni zilezile, ila gia nzito inachosha mapaja, na gia nyepesi inakupeleka mbio moyo na pumzi, kwa kuwa hata kuzungusha miguu mitupu kunakula oksijeni.

Eti kukanyaga 50 kwa gia nzito ni sawa na kunyanyua vyuma? Kwa wati hizohizo 250 msukumo haufiki kilo 30. Anayechuchumaa na chuma begani hubeba zaidi ya hapo.

Halafu kuna Chris Froome, mwendesha baiskeli maarufu wa mashindano, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2013, kwenye mlima Ventoux kule Ufaransa, aliwaacha wenzake akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kama feni. Wengi waliiga miguu ile. Lakini miguu ile ilikuwa na mapafu yake, na miaka ya mazoezi nyuma yake.

Kwa vipindi vya dakika nne, wengi hujikuta kati ya 85 na 100, na si ajabu: kadiri juhudi inavyopanda, ndivyo mwili unavyopendelea kuzungusha haraka kidogo. Mbio fupi za sekunde chache huvuka 110. Huna kipimo cha mizunguko? Hesabu goti la kulia likipanda kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 23, uko 92. Jaribu kipindi kimoja kwa 85, kingine kwa 95, utazame dakika ya mwisho wati zinashuka wapi. Na ukiona kwenye kipindi cha tatu miguu inazama kutoka 92 hadi 80, punguza gia moja hapohapo, kabla mapaja hayajaanza kuwaka.