Homa Isiyo na Homa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ng'ombe wa Maziwa na wa Nyama

Makosa mengi ya bandani hayatokani na uvivu. Yanatokana na kuamini macho. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ikiwa nzito na ya njano huonekana kama maziwa yaliyoharibika, ndama anayeharisha huonekana amenyonya kupita kiasi, na ng'ombe aliyenona huonekana mzima. Kipimajoto, utepe, saa na daftari mara nyingi husema kinyume.

Dhana: Homa ya maziwa ni homa, kwa hiyo ashushwe joto

Jina ndilo linalopotosha. Joto la kawaida la ng'ombe mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.3 za Selsiasi. Mwenye homa ya maziwa mara nyingi huwa chini ya hapo: masikio ya baridi, pua kavu, shingo imepindia ubavuni, na hawezi kunyanyuka. Kilichopungua ni kalsiamu. Plazima yote ya ng'ombe ina takriban gramu 3 tu za kalsiamu kwa wakati mmoja, ilhali lita 10 za dang'a huondoka na zaidi ya gramu 20. Pengo hilo hujazwa haraka kutoka kwenye mifupa na chakula. Mwili ukichelewa, misuli hulegea, ikiwemo ya tumbo na ya mfuko wa uzazi. Ndiyo maana visa vingi hutokea ndani ya siku 3 baada ya kuzaa, hasa kwa ng'ombe walio katika uzao wa tatu na kuendelea.

Tiba ni kalsiamu kwenye mshipa, ikiwa imepashwa hadi joto la mwili, ikiingia polepole kwa dakika 10 au zaidi huku moyo ukisikilizwa. Ikienda kasi, moyo husimama, na kwa sababu hiyo hii ni kazi ya daktari wa mifugo. Kabla hajafika, mkalishe ng'ombe kifuani na umwegemeze kwa magunia au marobota ya majani ili asilale ubavu. Akilala ubavu, gesi haitoki tumboni na anaweza kuvuta chakula hadi mapafuni. Usimnyweshe chochote kwa chupa. Koo limelegea, na unachomnywesha kinaweza kuishia mapafuni.

Dhana hii ina mdogo wake: kwamba kinga ni kumjaza kalsiamu kabla hajazaa. Ukweli ni kinyume. Chakula kikiwa na kalsiamu tele, homoni inayoamuru mifupa itoe kalsiamu hulala, na siku ya kuzaa haiamki kwa wakati. Katika wiki 3 za mwisho punguza lusina na mikunde mingine pamoja na madini yenye kalsiamu nyingi, na epuka malisho yaliyomwagiwa samadi nyingi, kwa kuwa potasiamu yake huuzuia mwili kuitikia wito wa homoni hiyo. Magnesiamu isikosekane. Kalsiamu ya kutosha irudi mara tu anapozaa.

Dhana: Kondo la nyuma likining'inia, livutwe au lifungiwe jiwe

Kwa kawaida kondo hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Kulivuta huchana vinundu vya mfuko wa uzazi vilivyoshikana nalo, na vipande vinavyobaki huoza. Jiwe hufanya hayohayo kwa mwendo wa taratibu, na linaweza kuvuta hata mfuko wenyewe ukageuka nje.

Kata sehemu inayoburuta chini, acha iliyobaki, kisha mpime joto kila asubuhi kwa siku 10. Likipita 39.5, akiacha kula, au uchafu ukitoka wenye maji mekundu na harufu kali, anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Ng'ombe anayekula vizuri na asiye na homa mara nyingi hulitoa mwenyewe ndani ya siku 4 hadi 10. Vaa glavu kila wakati: brusela ni mojawapo ya sababu za kukwama kwa kondo na za kutupa mimba, na humwambukiza binadamu. Sababu nyingine ni kuzaa mapacha, upungufu wa kalsiamu, na ukosefu wa seleniamu na vitamini E.

Dhana: Dang'a ni maziwa machafu, ndama asubiri yasafike

Kinga za ng'ombe hazivuki kondo la nyuma. Ndama huzaliwa akiwa hana kinga karibu kabisa, na zote anazozipata siku za mwanzo zimo kwenye dang'a. Tena mlango wenyewe hufungwa: uwezo wa utumbo kuzipitisha hadi kwenye damu hupungua kila saa, na baada ya saa 24 huwa umekwisha. Mpe kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 40 ni lita 4. Sehemu kubwa aipate ndani ya saa 2, na zote ziishe kabla ya saa 6. Rangi haitoshi kuonyesha ubora. Kipimo cha Brix, kifaa kidogo cha kupima uzito wa dang'a kwa tone moja, kikisoma 22 au zaidi, ni nzuri.

Ziada igandishwe kwenye friza katika mifuko ya lita moja au mbili. Iyeyushe kwenye maji yasiyozidi nyuzi 50, si jikoni motoni, maana joto kali huua kinga zilezile unazozitafuta.

Dhana: Ndama akiharisha, mnyime maziwa

Maziwa yana lawama ndogo sana hapa. Ndama anayeharisha hufa kwa kukosa maji na chumvi, na kwa damu kugeuka asidi. Ukimnyima maziwa unamwongezea njaa juu ya hayo. Endelea na maziwa kama kawaida, na katikati ya milo mpe lita 2 za maji yaliyochanganywa na unga wa chumvichumvi za ndama, yenye uvuguvugu wa mwili, mara mbili kwa siku. Usichanganye unga huo ndani ya maziwa isipokuwa maelezo yake yanaruhusu.

Bana ngozi ya shingo kisha uiachie. Ikikaa imesimama kwa sekunde kadhaa na macho yamezama, ameshapungukiwa sana. Asiyeweza kusimama wala kunyonya anahitaji maji kwenye mshipa. Kumlazimisha kwa mdomo ni kumkosesha muda.

Dhana: Damu mkiani ni dalili ya joto (kutaka dume), aitwe mhimilishaji

Mhimilishaji akiitwa wakati huo, mbegu itakuwa imepotea. Damu hiyo hutoka siku 1 hadi 3 baada ya joto, wakati yai limeshapita. Haisemi kama mimba imeshika au haikushika. Ina faida moja, nayo ni kubwa kwa mwenye daftari: andika tarehe, kisha anza kumchunga kwa makini kuanzia siku ya 17. Mzunguko ni wa siku 21, wengine 18, wengine 24.

Dalili ya kuaminika ni moja: anasimama tuli akipandwa na wenzake. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni, asubuhi inayofuata. Wengi hupandana usiku na alfajiri, kwa hiyo anayeangalia mara moja tu, saa ya kukamua mchana, atawakosa.

Dhana: Maziwa hayana mabonge, basi kiwele ni kizima

Ugonjwa wa kiwele ulio mwingi zaidi hauonekani. Maziwa ni meupe, chuchu haijavimba, ila mavuno yamepungua kimyakimya na chembe hai, yaani seli za kinga zinazoongezeka kiwele kikiumwa, zimepita 200,000 kwa mililita. Kipimo cha CMT, cha kugundua ugonjwa huo uliofichika, hufanyika bandani kwa nusu dakika: kama mililita 2 za maziwa ya kila chuchu kwenye kisahani chake, dawa ya kipimo hicho kiasi kilekile, zungusha kwa sekunde 10. Maziwa yakiganda kama ute, robo hiyo ya kiwele inaumwa.

Kwa kukamua kwenyewe: michirizi 3 au 4 ya kwanza iingie kwenye kikombe cheusi, kila ng'ombe awe na kitambaa chake, mgonjwa akamuliwe wa mwisho, chuchu zichovywe dawa mara tu baada ya kukamua. Kisha mwekee chakula. Si zawadi, ni ujanja wa kumfanya asimame kwa nusu saa wakati tundu la chuchu linajifunga. Akilala mapema, analalia samadi huku mlango ukiwa wazi.

Na kuhusu ng'ombe aliyetibiwa: kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini mabaki ya antibayotiki nyingi hubaki. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa hauna njia ya mkato.

Dhana: Uzito wa kumpa dawa ya minyoo hukadiriwa kwa jicho

Kwa ng'ombe wa nyama hili hugharimu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye kilo 450 akipewa dozi ya kilo 300, minyoo dhaifu hufa na sugu hubaki kuzaliana. Bila mizani, pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Mzunguko wa 180 na urefu wa 150 ni kama kilo 448. Kundi la ukubwa unaokaribiana lipewe dozi ya mzito wao.

Dhana: Dume ahasiwe akishakuwa mkubwa, apate mwili kwanza

Dume asiyehasiwa hukua haraka kuliko maksai. Hilo ni kweli, ila huanza kuonekana anapobalehe. Kama atahasiwa hata hivyo, kusubiri huleta maumivu na damu nyingi, na mwili alioongeza huupunguza wakati wa kupona. Mpira wa kuhasia huvalishwa katika wiki za mwanzo. Kabla ya kuuachia, hesabu kwa vidole: korodani mbili, zote chini ya mpira. Muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu kidonda cha mpira huifaa sana.

Mbili za haraka

Ng'ombe mnene si mzima zaidi. Kwenye kipimo cha mwili cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona sana), azae akiwa 3 hadi 3.5. Aliyepita hapo huzaa kwa shida, hula kidogo baada ya kuzaa, na mafuta anayoyayeyusha hujaa ini.

Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume asiwekwe kando kama mtamba wa baadaye kabla ya kupimwa. Zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa, kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni na homoni za kaka yake zikaharibu viungo vyake vya uzazi. Mnenepeshe kwa ajili ya nyama.