Tempe ya Nyumbani: Kinachokukwamisha Siyo Mashine

"Nitaanza nikishanunua mashine ya kutunzia joto tempe inapochachuka." Kauli hii naisikia karibu kila kundi ninalolifundisha kutengeneza tempe, yaani soya zilizochachushwa kwa kuvu hadi zikashikana kuwa kipande kimoja, na inaniudhi kwa sababu wengi wanaoitoa tayari wana kila kitu jikoni kwao. Kule Java, Indonesia, tempe ilikoanzia, watu wameifunga kwenye majani ya mgomba kwa karne kadhaa, na hakuna aliyesubiri mashine.

Kuvu wa tempe, yaani Rhizopus, hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi. Kukiwa na ubaridi kidogo bado ataota, ila taratibu. Joto hilo utalipata ndani ya oveni iliyozimwa, ukiwasha taa yake tu. Huna oveni? Chukua lile sanduku la kubebea vinywaji baridi, weka chupa mbili za maji moto pembeni ya pakiti za soya zilizotiwa kuvu, funika, badilisha maji yakipoa.

Na kuna jambo ambalo wauza mashine hawalisemi: kuvu mwenyewe hutoa joto. Saa 12 hivi za mwanzo unamsaidia wewe. Baada ya hapo anajipasha. Ndiyo maana mwenye mashine anaiweka nyuzi 32, analala, kumbe katikati ya pakiti joto limeshapita 40. Kuvu anakufa, bakteria wanashika nafasi, asubuhi anakuta utelezi na harufu mbaya, halafu anatafuta mashine kubwa zaidi! Ishike pakiti. Ukihisi ina joto lake yenyewe na matone ya mvuke yameanza kuonekana ndani ya plastiki, toa chupa, acha kifuniko wazi, zitenganishe pakiti zisigusane. Kati ya saa ya 24 na ya 48 nyuzi nyeupe za kuvu zitakuwa zimezishika punje zote, kipande kinanyanyuka kizima bila kumeguka.

Adui mkubwa kuliko joto ni maji, na hapa ndipo ningependa watu waelekeze wasiwasi wao. Loweka nusu kilo ya soya usiku kucha, zifikiche maganda yaelee uyamwage, kisha chemsha hadi ziive bila kupondeka. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo, geuza mpaka mvuke upungue, halafu tandaza punje juu ya taulo safi. Taulo likilowa, hamishia kwenye la pili. Bonyeza punje moja kwenye karatasi kavu: ikiacha alama ya maji, subiri. Zikishakauka juu na kupoa chini ya nyuzi 35, changanya siki vijiko viwili vya chakula, kisha kijiko kimoja cha chai cha chachu ya tempe, yaani unga wenye mbegu za Rhizopus, kila punje iguswe. Jaza mfuko uliotobolewa kwa sindano kila baada ya sentimita moja au mbili, unene usizidi sentimita tatu. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua taulo la pili.

Mengine niyapitie haraka.

Madoa meusi au ya kijivu si sumu. Kuvu amekomaa na kutoa mbegu, hasa karibu na matundu yenye hewa nyingi. Inaliwa. Ya kutupa ni yenye rangi ya waridi, kijani au chungwa, au yenye utelezi na harufu ya kuoza.

Ukungu wa mkate hauwezi kuwa chachu. Hujui ni kuvu gani, na wapo wanaotoa sumu.

Tempe haikuhakikishii vitamini B12. Rhizopus haitengenezi, ikiwemo, imetoka kwa bakteria walioingia, na kiasi hakitabiriki. Usiyekula nyama, mayai wala maziwa, tumia vidonge.

"Imeshachachuka, haina haja ya kupikwa." Ina haja. Mwaka 2012 huko Asheville, Marekani, watu zaidi ya 80 waliugua salmonela iliyohusishwa na tempe isiyopashwa moto wa kuua vijidudu. Ipike kwa mvuke, ikaange, lakini isiliwe mbichi.

Si lazima iwe soya. Dengu, mbaazi na njegere zinakubali, hata maharage mekundu mradi yachemshwe sawasawa kwanza. Ila machicha ya nazi yaacheni kabisa. Tempe yake, inayoitwa bongkrek, huweza kuingiliwa na bakteria wanaotoa sumu inayoua, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Indonesia yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1988. Anayeniuliza kama akiwa msafi sana ataweza kuijaribu, jibu langu ni hapana.