Kisiwa Huoza Chini, Hutandikwa Juu

Kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye mafunjo ya Ziwa Victoria, na kwetu kisiwa kinachoelea ni balaa. Upepo hung'oa pande la mafunjo na magugu maji, nalo huranda ziwani hadi likwame bandarini au mwaloni. Aprili 2020 kimoja kilifika Jinja kikaziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, na Uganda ikaingia gizani. Kwa hiyo niliposhuka kwenye boti katika visiwa vya Wauros, watu wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea katika Ziwa Titicaca, nje kidogo ya mji wa Puno nchini Peru, nilikuwa na swali moja la kikazi: hawa wamewezaje kulea watoto juu ya kitu ambacho sisi tunakifukuza kwa mashine?

Jibu linaanzia kwenye mmea. Wao huuita totora, na wataalamu wa mimea huuita Schoenoplectus californicus. Ni wa ukoo mmoja na mafunjo yetu, na hata ndago inayosumbua mashamba yetu ni ya ukoo huo. Nilipasua bua moja kwa kucha: ndani ni vyumba vidogo vidogo vya hewa, kama sponji. Tope la chini ya ziwa halina oksijeni, hivyo mmea huishusha hewa kutoka juu kupitia vyumba hivyo mpaka kwenye mizizi. Hewa hiyohiyo ndiyo inayombeba mwenye nyumba.

Wageni wengi hutazama mabua yaliyotandazwa juu wakadhani ndicho kisiwa chenyewe. Kisiwa hasa ni khili, yaani mizizi iliyofumana na tope la mboji. Msimu wa mvua maji yakipanda, mapande ya mizizi huachia sakafu ya ziwa na kuibuka, yakisaidiwa na gesi za uozo zilizonaswa ndani. Wauros huyakata kwa msumeno mrefu, huyakokota kwa boti, hupigilia kigingi cha mkaratusi katika kila pande, kisha huyafunga pamoja kwa kamba. Baada ya muda mizizi yenyewe hushikana na kuwa kitu kimoja. Ndipo totora iliyokatwa hutandazwa tabaka kwa tabaka, moja kwa urefu na inayofuata kwa kukingama, na kisiwa chote hutiwa nanga kisije kikaamkia kwingine.

Nilimsalimu mama mwenyeji wetu kwa Kiaymara nilichofundishwa njiani, "Kamisaraki?" Akaitikia, "Waliki," akacheka, na mazungumzo mengine yakapitia kwa mkalimani. Aliniambia tabaka jipya huongezwa kila baada ya wiki chache, na msimu wa mvua mapema zaidi, kwa sababu la chini linaoza mfululizo. Hapo nikaifikiria lugha yetu. Huwezi kusema kisiwa hiki "kilijengwa" mwaka fulani. Hujengwa. Akiacha kazi, miguu italowa.

Jiko lake linakaa juu ya mawe, kwani moto ndio adui wanayemwogopa kuliko maji. Alinimenyea sehemu nyeupe ya chini ya bua, chullo, nikaila mbichi: maji mengi na utamu wa mbali, kama muwa ambao haujakomaa.

Ufundi wa kufunga mabua una uhusiano na Afrika. Mwaka 1970 mvumbuzi Mnorwei Thor Heyerdahl alivuka Atlantiki kutoka Safi, Morocco, hadi Barbados kwa siku 57 katika Ra II, chombo kilichofungwa kwa mafunjo. Mafunjo yake yalitoka Ethiopia, na mafundi wake walikuwa Waaymara wa Titicaca. Ra ya kwanza, iliyofungwa na mafundi wa Ziwa Chad, ilikuwa imesambaratika kabla ya kufika. Kila mara ninapoona mafunjo yetu yakichomwa, nawakumbuka mafundi hao.

Nimesikia wasafiri wakilalamika kwamba visiwa hivi ni maonyesho tu, eti wenyeji wana paneli za sola na wengine hulala Puno. Sikubaliani nao kabisa. Lugha ya mababu wa Wauros imezimika upande wa Peru, nao sasa huongea Kiaymara na Kihispania. Utalii ndio unaowalipa wabaki majini, na tabaka halijitandiki lenyewe. Kuwataka wakae gizani ili picha yako ipendeze ni ukatili.

Hofu yangu iko kwingine. Vichaka vya totora vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Titicaca tangu 1978, lakini majitaka ya Puno huingia kwenye ghuba hiyohiyo, na mwani na dakawidi, vimea vidogo vinavyoelea, hufunika maji. Kisha ukaja ukame wa 2023: ziwa likashuka mno, totora ikakauka ufukweni. Bila maji kupanda, khili haiibuki, na bila khili hakuna kisiwa kipya.

Ukienda, pumzika Puno siku mbili kwanza, maana uko mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari na kichwa kitagonga. Nunua kitambaa alichofuma mwenyeji wako. Halafu mwombe akuoneshe khili, ukae chini uiguse.