Wazazi Mezani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Tiba ya Familia kwa Vijana Wenye Matatizo ya Ulaji

Kijana anapoanza kupunguza chakula siku hadi siku, akakwepa kula na wenzake na kukonda mbele ya macho ya wazazi wake, maneno huwa mengi kuliko msaada. Jirani atasema ni maringo ya ujana, shangazi atasema mama amemdekeza, na hawakosekani watakaodai kwamba mtoto amerogwa. Ni wazazi wachache wanaopata kuambiwa kwamba kwa vijana wenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, tiba iliyochunguzwa kwa utafiti mwingi zaidi ni ile inayowakabidhi wazazi wenyewe kazi ya kumlisha mtoto hadi arejee katika afya, huku mtaalamu akiwaongoza. Tiba hiyo, iitwayo tiba ya familia, ilijengwa na kikundi cha wataalamu wa hospitali ya Maudsley, kusini mwa London, akiwemo Christopher Dare na Ivan Eisler, na baadaye James Lock na Daniel Le Grange wakaiandikia mwongozo uliotoka Marekani mwaka 2001. Hata hivyo imezungukwa na dhana zinazowakatisha wazazi tamaa kabla hawajaanza.

"Mtoto akigoma kula, kuna kosa lililofanyika nyumbani"

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, na haikuanzia kwa majirani. Ilianzia kwa madaktari. William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa huu jina lake katika miaka ya 1870, aliandika kwamba jamaa na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote kwa mgonjwa wa namna hii. Nchini Ufaransa, daktari Jean-Martin Charcot alishikilia kwamba mgonjwa atengwe kabisa na wazazi wake. Takriban karne moja baadaye, katika miaka ya 1970, mtaalamu wa tiba ya familia Salvador Minuchin na wenzake wa Philadelphia, Marekani, waliwarudisha wazazi katika chumba cha tiba, jambo ambalo lilikuwa hatua kubwa, lakini waliwarudisha kama watu ambao mahusiano yao yenyewe yalihitaji kurekebishwa ili mtoto apone.

Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo haukuonyesha kwamba ipo aina moja ya familia inayozaa anoreksia. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba urithi wa kibaiolojia una nafasi kubwa, na mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo ya ulaji kilichapisha msimamo rasmi unaokataa maelezo yoyote yanayoifanya familia kuwa chanzo kikuu cha anoreksia au bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine. Tiba ya Maudsley ilishika njia hiyo tangu mapema: mtaalamu huwaambia wazazi waziwazi katika kikao cha kwanza kwamba hatafuti mkosaji. Maneno hayo yana kazi ya kitabibu, kwa sababu mama anayeamini kwamba yeye ndiye aliyemsababishia mtoto ugonjwa atasita kusimama imara mbele ya sahani, na baba anayeamini hivyo atakimbilia kazini au kugombana na mkewe, na kusita huko ndiko ugonjwa unakojificha.

Tusivuke mpaka, hata hivyo, tukasema kwamba mwenendo wa nyumbani hauna uzito wowote. Watafiti wa Maudsley waliona kwamba pale ambapo mzazi alikuwa na mazoea ya kumkosoa mtoto kwa ukali, matokeo yalikuwa bora zaidi wazazi walipoonwa na mtaalamu peke yao na kijana peke yake. Lawama inaweza kuchelewesha kupona bila kuwa ndiyo iliyoleta maradhi, na ni vizuri mzazi ayaelewe mambo haya mawili kila moja mahali pake.

"Tiba hii ni kumlazimisha mtoto kula"

Wengi wakisikia kwamba wazazi wanashika usukani wa chakula, huwaza mtoto aliyekabwa na kijiko kusukumwa mdomoni. Tiba hii haina nguvu za mikono wala vitisho. Ni vyema kutazama kikao cha pili, ambapo familia huombwa ije kliniki na chakula walichokichagua wenyewe kwa ajili ya mtoto anayekaribia kufa njaa. Wote huketi na kula, pamoja na ndugu zake. Kijana hukata mkate vipande vidogo kama punje, huvisogeza pembeni mwa sahani, husema tumbo limejaa, hulia, pengine humtukana mama yake kwa maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mtaalamu hamlishi. Huketi karibu na wazazi na kuwaelekeza: kaeni pande zote mbili za mtoto, semeni jambo moja, msijadiliane naye kuhusu kalori, msimsihi na msimkaripie. Mzazi hurudia kwa sauti tulivu, "Mwanangu, najua unaogopa. Chukua kijiko kingine." Lengo la kikao hicho ni kijana ale tonge moja zaidi ya alilokuwa amekusudia kula, ili wazazi waone kwa macho yao kwamba inawezekana.

Wazazi huelekezwa pia kuutenga ugonjwa na mtoto. Anayetukana na kuficha chakula mfukoni si binti yao aliyeharibika tabia. Ni maradhi yaliyomshika. Mzazi anayelielewa hili anaweza kuwa mkali kwa ugonjwa na mpole kwa mtoto kwa wakati mmoja.

Kwa nini chakula kitangulie, na mazungumzo ya moyoni yafuate? Jibu mojawapo limo katika jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945 chini ya mtafiti Ancel Keys. Wanaume 36, wenye afya ya mwili na akili, walijitolea kula chakula pungufu kwa miezi sita, na wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kuota chakula, kukichezea kwa muda mrefu mezani, kukasirika ovyo, kujitenga na watu na kuzama katika huzuni, ilhali hakuna hata mmoja aliyeanza akiwa na ugonjwa wa ulaji. Sehemu kubwa ya tabia tunazoziita za anoreksia ni tabia za mtu mwenye njaa, na ubongo wenye njaa hauwezi kujadiliana kwa busara kuhusu njaa yake. Kumsubiri kijana aelewe kwanza ndipo ale ni kumtaka atumie akili ambayo ugonjwa umemnyang'anya.

"Afadhali akae na mshauri peke yake mpaka siri ijulikane"

Rai hii ina mvuto, na kwa mtu mzima inaweza kufaa. Kwa vijana ushahidi unaelekea kwingine. Utafiti wa Maudsley uliochapishwa mwaka 1987 ulifuatilia wagonjwa 80 baada ya kutoka wodini, na ukaonyesha kwamba walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na ugonjwa wao ukiwa haujafikisha miaka mitatu, walinufaika zaidi na tiba ya familia kuliko tiba ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2010, Lock na Le Grange walichapisha matokeo ya vijana 121 waliotibiwa katika vyuo vikuu vya Chicago na Stanford, Marekani: mwaka mmoja baada ya tiba kumalizika, asilimia 49 ya waliotibiwa pamoja na familia zao walikuwa wamepona kikamilifu, dhidi ya asilimia 23 ya waliotibiwa wakiwa peke yao. Mwongozo wa kitaifa wa tiba nchini Uingereza wa mwaka 2017 unaitaja tiba ya familia kuwa ya kwanza kuzingatiwa kwa watoto na vijana wenye anoreksia.

Takwimu hizo zisomwe zote. Hata kwa tiba iliyofanya vizuri zaidi, zaidi kidogo ya nusu ya vijana hawakuwa wamepona kikamilifu, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake hakupata nafuu asidhani kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Dalili njema ni kijana kuongezeka karibu kilo 2 katika wiki nne za mwanzo. Asipoongezeka, mpango hubadilishwa mapema.

"Atanyimwa uhuru wake daima"

Usimamizi wa wazazi, ambao ndio awamu ya kwanza kati ya tatu, una mwisho unaopangwa. Uzito ukishapanda na mabishano mezani yakipungua, awamu ya pili huanza, na kijana hurudishiwa chakula chake kidogo kidogo: kwanza ajipakulie mwenyewe, kisha ale shuleni bila kusimamiwa. Awamu ya tatu hushughulikia mambo ya ujana yaliyokuwa yamesimama, kama marafiki na masomo. Safari nzima huchukua takriban miezi sita hadi mwaka. Katika muda huo ndugu zake hawapewi kazi ya kumlisha wala kumpeleleza. Kazi yao ni kumliwaza.

"Haya ni maradhi ya Wazungu"

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanawake wa Tanzania ulikuta dalili za matatizo ya ulaji miongoni mwao. Kaskazini mwa Ghana, watafiti waliwaona wasichana wa sekondari waliojinyima chakula kwa sababu walizozieleza kuwa za kidini, bila kutaja hofu ya unene, jambo linaloonyesha kwamba ugonjwa unaweza kuvaa vazi la mfungo. Wazazi Waislamu wanapaswa kukumbuka kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Wavulana nao huugua, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewadhania.

Wala tiba hii haidai baba na mama wanaoishi nyumba moja. Bibi, mjomba au mama anayelea peke yake anaweza kuiongoza, mradi wote wanaopika na kupakua nyumbani humo wakubaliane neno moja. Pale ambapo hakuna mtaalamu karibu, vikao kwa njia ya video vimejaribiwa.

Yapo mambo yasiyosubiri kikao chochote. Kijana anayezimia, ambaye mapigo ya moyo yake mchana yako chini ya 50 kwa dakika, anayetapika mara kwa mara au aliyekataa kabisa chakula na maji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asianzishiwe chakula kingi nyumbani bila daktari, kwa sababu madini ya damu, hasa fosfeti, yanaweza kushuka ghafla na kuhatarisha moyo. Daktari apime damu kwanza, kisha aseme aanze na kiasi gani.