Unyevu asilimia 80 kwenye boksi la kobe, maana yake nini hasa?

Watu wakiambiwa kobe wa miguu myekundu anayefugwa ndani ya boksi anataka unyevu asilimia 80 wanadhani udongo wake ndo uwe chapachapa, wanamwaga maji mpaka boksi linakuwa jaruba la mpunga, halafu kobe wa watu anaanza kuoza gamba la chini. Sio hivo jamani. Hiyo 80 ni ya hewa, na ni ya kulinganisha: kila joto lina kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba, ikifika hapo imejaa, hiyo ni 100, sasa ukisoma 80 ujue mvuke uliomo ni sehemu nane kwa kumi ya ule ambao ungeijaza hewa hiyo kwa joto hilohilo.

Na hapo kwenye joto ndo penye shughuli. Hewa ya nyuzi 0 ikijaa kabisa ina kama gramu 5 za maji kwa mita moja ya ujazo, ya nyuzi 30 inabeba kama gramu 30. Sasa tuseme wewe unamfuga Ujerumani, mwezi wa kwanza, hewa ya nje nyuzi 0, inaingia ndani, inapashwa na hita ya chumba halafu na taa ya kobe mpaka 30: maji ni yaleyale gramu 5 ila nafasi imekuwa ya 30, kwa hiyo unyevu umeporomoka mpaka asilimia 16 au 17 hivi. Yaani ile taa uliyomwekea kwa huruma ndo inamkausha. Aliyekulia Tanga au Mombasa hili halimjii haraka, maana kule chumvi inalowana yenyewe kwenye kopo.

Kobe huyu asili yake Amerika Kusini, kwao anajichimbia chini ya majani makavu na magogo ambako hewa ni nzito hata jua likiwaka. Mtoto wake akikulia kwenye hewa kavu magamba ya mgongoni yanainuka kama vilima, na vikishainuka havishuki tena, inauma kuona. Zamani lawama zote zilikuwa kwenye chakula cha protini, ila mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben walilea vitoto vya kobe wa Saheli, wale tunaowaona watu wa ukame, wakakuta ukavu wa hewa ndo unaleta vilima sana kuliko protini.

Kupuliza maji kwa chupa kunadanganya. Mita ya unyevu inapanda, unafurahi, ukirudi baadae imeshuka, kwa sababu boksi liko wazi juu na hewa ya moto inapanda ikiondoka na mvuke wake. Funika kwanza! Kioo au plastiki ngumu, uache vitundu vichache vya kupumulia, hita ya kauri ikae humo ndani mbali na plastiki na iwe na kidhibiti joto. Chini weka udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi, kina kama sentimita 10, maji ya uvuguvugu mimina kwenye kona yashuke chini kabisa, yatapanda kama mvuke taratibu na juu anapolala pabaki na unyevu kidogo tu. Mita ikae usawa wa mgongo wa kobe, sio darini. Na usiku usiache boksi lipoe, maana unyevu pamoja na baridi unaleta ugonjwa wa mapafu, hapo bora hata ukavu wa siku mbili.

Asubuhi ukikuta matone kwenye kioo usikimbilie kufungua. Kioo kimepoa kwa baridi ya chumba, hewa inayokigusa nayo imepoa ikafika 100 ikaachia maji, lakini huku chini kwa kobe inaweza kuwa 75 tu. Bandika foronya nene au kipande cha blanketi upande wa nje wa kioo, mbali na hita, utaona matone yanapungua.