Basalti ya chini ya bahari imetoka wapi hasa? Isotopu zinajua

Chukua basalti mbili, yaani mawe ya lava iliyoganda, za sakafu ya bahari uziweke mezani, zote nyeusi, zote nzito, ukizikata madini ni yaleyale, lakini moja imetokana na mantili ya juu ya kawaida tu (mantili ni tabaka nene la mwamba chini ya ganda la dunia) na nyingine ina ganda la kale ndani yake lililozama zamani mno. Kwa macho huzitofautishi, isotopu ndo zinasema, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito.

Mwamba ukiyeyuka huko chini elementi hazitoki sawasawa, rubidiamu inakimbilia kwenye magma kuliko strontiamu, afu magma ikiwa inapanda fuwele zinadondoka njiani nayo inabadilika tena, kwa hiyo ukipima kiasi cha elementi peke yake umepima chanzo pamoja na vurugu zote za safari. Ila strontiamu 87 na strontiamu 86 ni elementi ileile, kuyeyuka hakuzitenganishi, uwiano wa chanzo ndo unaofika juu. Na strontiamu 87 inaongezeka kadiri rubidiamu 87 inavyooza, nusu uhai ya rubidiamu hiyo, muda wa nusu yake kuoza, ni karibu miaka bilioni 50, yaani uwiano ukiwa juu ujue chanzo kilikaa na rubidiamu nyingi kwa muda mrefu sana.

Basalti za migongo ya katikati ya bahari, pale sakafu mpya inapozaliwa, nyingi uwiano wao wa strontiamu 87 kwa 86 uko kwenye 0.7025 hadi 0.7030 hivi. Samoa kuna lava zinapita 0.720! Hayo ni mashapo ya bara yaliyozama na bamba la ganda la dunia, yakaingia kwenye mantili, yakarudi juu. Kwa Mangaia, visiwa vya Cook, inayoongea ni risasi, uwiano wa risasi 206 kwa risasi 204 unapita 21, dalili ya ganda la bahari lililopoteza risasi likiwa linazama likabaki na urani, ambayo ikioza inakuwa risasi 206. Afu mwaka 2013 salfa ya lava za hukohuko ikaonyesha alama inayotengenezwa na angahewa isiyo na oksijeni, maana yake malighafi ile ilikuwa juu ya dunia zaidi ya miaka bilioni 2.4 iliyopita. Mimi hili huwa linanisisimua kila nikilifikiria.

Sasa adui ni maji ya bahari. Uwiano wa strontiamu yake ni 0.7092 na jiwe likikaa humo linaifyonza, utadhani umepata mantili ya ajabu kumbe ni chumvi. Ndo maana nachagua kioo, lile gamba jeusi la nje la lava iliyoganda ghafla, navunja, nakaa na maikroskopu nikiokota chembe zinazong'aa tu na kuacha kila yenye ukungu wa njano, halafu naziosha kwa asidi ya haidrokloriki ya moto. Hata hivyo naanza kuamini neodimiamu kwanza, elementi nyingine ambayo isotopu zake nazo hueleza chanzo, maana maji ya bahari yanayo kidogo mno, si rahisi kuichafua. Strontiamu ikipanda na neodimiamu imetulia palepale, hiyo sampuli irudi kuoshwa.